Anayefunika Ndiye Shahidi

Kigae hakizuii maji. Naanza na neno hili kwa sababu karibu kila anayeniita kupiga tailizi bafuni, iwe hapa Masuguru, iwe Korogwe mjini au kule Handeni, anaamini kinyume chake. Anauona uso unaong'aa, maji yanateleza juu yake, anaridhika. Kigae chenyewe kweli kimechomwa kikakaza, lakini kati ya kigae na kigae kuna grauti, na grauti kwa asili yake ni saruji. Saruji hunywa maji. Kila mtu anapooga, maji hupenya kwenye mishono ile kidogo kidogo mpaka kwenye mota iliyoshika kigae, na yakifika hapo yanatafuta njia. Kinachoyazuia, kama kipo, kimezikwa chini, na hakuna atakayekiona tena mpaka siku ya kuvunja.

Swali langu limetoka humo. Kazi ambayo haitaonekana, fundi anadaiwa nini juu yake, na anayemdai ni nani? Mwenye nyumba haioni. Mpangaji hajui kama ipo. Fundi mwenyewe akishapokea chake na kupanda bodaboda, baada ya mwaka mmoja huenda hakumbuki hata rangi ya vigae alivyovilaza. Nimelifikiri jambo hili nikiwa nimepiga magoti, maana kazi yetu yote hufanyika katika mkao wa kusujudu, na naona si la mafundi peke yao.

Kwanza niieleze kazi inavyotakiwa iwe. Juu ya jamvi la zege hulazwa mota yenye mteremko, kama sentimita mbili kwa kila mita, kutoka kila ukuta kuelekea tundu la maji. Juu ya mteremko huo ndipo huja kizuizi: shiti nzito ya plastiki isiyo na kiungo, au lami ya kupaka, tabaka juu ya tabaka. Kizuizi hupandishwa ukutani kimo cha shibiri, na kama ni shiti, kwenye kona haikatwi, hukunjwa. Katikati hushuka kikashikana na mdomo wa tundu, na mdomo huo uwe na vitundu vidogo pembeni, ili yale maji yaliyopenya chini ya kigae nayo yapate pa kutokea. Kisha mota ya pili, kisha kigae. Mwenye haraka hukilaza kizuizi bapa juu ya jamvi, mteremko akauweka juu tu, unakoonekana. Maji yakifika chini yanatuama na kuoza. Bafu linaanza kunuka, na mama wa nyumba anaisugua grauti kila wiki bila kujua harufu inatoka wapi. Mwingine hukibandika kigae kwa madonge matano badala ya kupaka gundi mgongo mzima. Ukikigonga kwa mpini wa mwiko kinalia tupu, na utupu ule unageuka kisima kidogo chini ya miguu ya watu.

Bafu la kijijini la utotoni mwetu halikuwa na siri hizi. Lilikuwa uani, nyuma ya wigo wa nyasi, na sakafu yake mawe bapa yaliyopangwa ili mtu asisimame matopeni. Maji yalipita kati ya mawe yakaenda migombani, nawe ukiyaona yanakokwenda. Ndoo ya lita 20 ilimwogesha mtu ikabaki. Handeni ni nchi kame, na hata bomba kubwa lililojengwa miaka ya 1970 kuvuta maji ya Mto Pangani, lile watu wanaloliita HTM, halikumpa mtu maji ya kuchezea. Sasa shawa imeingia majumbani. Shawa ya kawaida humwaga lita nane au kumi kwa dakika moja, na anayeoga dakika kumi amekwisha kumwaga ndoo nne au tano. Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano, na akitawadha kwa kibaba kimoja. Silitaji hili kumsuta mtu. Nalitaja kwa sababu maji yakiwa kidogo, kosa la fundi hujificha miaka mingi, na yakiwa mengi hujitokeza upesi. Mafundi wengi huku walijifunza kazi wakati wa ndoo, na wanaijenga bado kwa kipimo cha ndoo.

Vigae navyo vimekuwa vingi. Zamani vilikuja kwa meli, mtu akivihesabu kimoja kimoja. Tangu viwanda vya Mkuranga na Chalinze vianze kuvichoma hapa nchini, lori linapita Segera limejaa, na duka la vifaa vya ujenzi bila vigae halipo. Nafurahi kuvipata. Lakini uzuri umekuja haraka kuliko elimu ya kilicho chini yake.

Mwalimu wangu wa darsa, ambaye kwake tulikuwa tukisoma baina ya magharibi na isha, alitufikisha siku moja kwenye hadithi inayomkataza mtu kukojoa pale anapoogea, kwa kuwa wasiwasi mwingi hutokana na hapo. Sisi vijana tuliipokea kama hukumu iliyofungwa. Mwalimu akatutajia wanavyuoni wawili. Wa kwanza Abdullah bin Mubarak, aliyefariki mwaka 181 wa Hijra, sawa na 797, ambaye aliona jambo hilo lina nafasi maji yakiwa yanapita. Wa pili Ali bin Muhammad Tanafisi, ambaye kauli yake imenakiliwa na Ibn Majah, aliyefariki 273 wa Hijra, sawa na 887, katika mkusanyo wake wa hadithi. Huyu alisema katazo lilihusu shimo la udongo. Siku hizi, akimaanisha siku zake, mabafu ya watu yamejengwa kwa chokaa, saruji na lami, basi mtu akifanya haja ndogo kisha akamwaga maji yakaenda, hapana neno.

Tazama alichokifanya mwanachuoni yule. Kabla ya kutoa hukumu aliiangalia sakafu. Aliuliza imejengwa kwa nini, na maji yanakwenda wapi. Miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, mtu aliyeshughulika na maneno ya Mtume aliona kuwa tahara ya waumini inapita kwenye lami na mteremko, yaani inapita mikononi mwa fundi. Mimi niliposikia hivyo nilianza kuiona kazi yangu kwa jicho jingine. Mtu anaamka alfajiri na janaba, umeme umekatika, anaoga gizani. Kwenye kona pana kibonde kidogo ambacho pima maji ingekionyesha, fundi hakutaka kukirekebisha. Maji machafu ya jana yamelala pale. Anapojimwagia yanamrukia miguuni, anajifuta, anakwenda kusali.

Sala yake ina nini? Haina kitu. Ni sahihi. Wanavyuoni wetu wamesema yakini haiondolewi na shaka, na hakuna aliyelazimishwa kupekua asichokiona. Ni rehema kubwa. Lakini nimeitafakari rehema hiyo na nimeona kwamba wepesi aliopewa yule anayesali haukulifuta jambo lenyewe. Umelitoa kwake kwa sababu hajui, na ukaliacha kwa anayejua. Anayejua ni yule aliyekiona kibonde kwa macho yake akakifunika.

Basi je, fundi analipa? Hapa sheria ina kisa ambacho kila fundi wa pwani na bara yake anastahili kukisikia. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wakifuata madhehebu ya Imamu Shafii, na ndiyo wengi wetu Waislamu wa upande huu tuliyomo hadi leo. Juu ya fundi wa ujira anayepokea kazi za watu, kauli iliyopewa nguvu katika madhehebu haya ni kwamba kitu kikiharibika mkononi mwake hatozwi, isipokuwa amefanya uzembe au amevuka mipaka. Wengine waliona atozwe, na imepokewa kwa Ali bin Abi Talib kuwa aliwatoza mafundi akiona watu hawatengenei ila kwa hivyo. Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi aliyevipokea vitabu vya Imamu kule Misri, amesimulia kwamba Shafii mwenyewe alikuwa akiona fundi hana dhamana, lakini hakuitangaza rai hiyo kwa kuwachelea mafundi waovu.

Imamu aliyefariki mwaka 204 wa Hijra alitujua. Alijua kuwa tukisikia hatutozwi, tutaulegeza mkono. Mimi simwoni kuwa alitudharau. Naona alikuwa na imani na haki, na hofu na watu, vyote kwa pamoja, na akabaki na uzito huo kifuani kuliko kuutua mahali ambapo ungemuumiza mwenye nyumba asiye na kosa. Nami nauliza: kama mtu wa elimu ile aliinyamazia rai yake mwenyewe kwa ajili ya kulinda mali za wasiomjua, mimi nishindwe kungoja siku moja lami ikauke?

Tena tofauti ya wanavyuoni inahusu kutozwa, fedha kutoka mfukoni. Haihusu kama fundi amefanya sawa. Watu huyachanganya haya mawili. Kesi ikishindikana baraza la kata, mtu hujiona msafi.

Sasa nilifikie lile ninaloliamini. Kila tabaka la sakafu ni kazi, lakini tabaka la mwisho ni kazi na ni kauli pia. Anayelaza kigae juu ya sakafu ya bafu anawaambia watu wote watakaosimama hapo: chini kuko salama, nimeona. Hakuna mwingine atakayeweza kulisema hilo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwapo. Kufunika ni kutoa ushahidi. Anayefunika asichokijaribu anashuhudia asichokijua, na anayefunika alichokiona kuwa kibovu ameshuhudia uongo, hata kama kinywa chake hakikufunguka.

Mwenye nyumba mmoja, mtu mzima wa heshima zake, aliniita kwenye nyumba ya kupangisha. Bafu lilikuwa linavuja, ukuta wa chumba cha pili umetota mpaka kimo cha kitanda, rangi imetoka kama magamba. Alitaka nipige vigae vipya juu ya vile vya zamani, na ule ukuta upakwe rangi, maana mpangaji anaingia mwisho wa mwezi.

"Mzee wangu," nikamwambia, "chini hapazuii. Tuvunje."

"Fundi, nimekuita kubandika. Kuvunja sijakuita."

"Na mpangaji je?"

"Mpangaji ana macho. Ataangalia mwenyewe."

Mpangaji ana macho, naam, na macho yake yataona vigae. Niliiacha kazi ile, akaifanya mwingine. Na rafiki yangu tunayefanya naye kazi, Mkristo wa Kianglikana kutoka Kideleko, aliniuliza kwa uchungu wa kweli: umepata nini? Nyumba haikupona, mpangaji ameingia vilevile, na wanao wamelala na uji. Hoja yake ina nguvu na sikuweza kuijibu siku ile.

Jibu nililipata kwa Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, mwanachuoni wa madhehebu yetu. Katika kitabu chake cha Ihya, kwenye mlango wa adabu za kuchuma, ameandika habari mbili fupi. Fundi viatu alimwuliza sheikh mmoja, Ibn Salim, afanyeje ili asalimike katika biashara yake. Hakupewa uradi wa kusoma. Aliambiwa azilinganishe pande mbili za kiatu, asiupendelee mguu wa kulia, atie kijazo kizuri ndani, na auweke mshono karibu karibu. Kijazo cha ndani ya kiatu! Hakuna mnunuzi anayekiona. Habari ya pili, Imamu Ahmad bin Hanbal aliulizwa juu ya kutililia mpasuko wa nguo mpaka usionekane. Akajibu kwamba muuzaji haimfalii kuuficha. Na yule mshonaji kazi yake ni halali akijua kuwa muuzaji ataudhihirisha, au kwamba nguo si ya kuuzwa.

Hapo ndipo ilipo kesi ya bafu lile. Mshonaji hakuulizwa kama mshono wake ni mzuri. Ameulizwa anajua nini juu ya mnunuzi. Ustadi uleule, sindano ileile, ni halali kwenye nguo ya mwenyewe na ni haramu kwenye nguo itakayomdanganya mtu. Kama yule mzee angeishi mwenyewe nyumbani mwake, akajua kunavuja, akataka tu pang'ae kwa ajili ya Idi, ningembandikia bila kinyongo. Lakini kigae kile kilikuwa kinamsemesha mtu wa tatu. Na kuwapo kwa mwingine aliye tayari kusema uongo mahakamani hakumhalalishii shahidi wa kwanza kuusema. Rafiki yangu nilipomweleza akanikumbusha Injili yake, zile nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine bila msingi. Kwa Luka, akasema, yule wa kwanza alichimba akaenda chini sana. Mpaka mafuriko yalipokuja, hakuna mpita njia aliyekuwa na sababu ya kuisifu moja kuliko nyingine. Hatukubishana tena.

Iko hoja nyingine nzito zaidi kuliko ya mwenye nyumba tajiri, nayo ni ya asiye nacho. Mama mmoja mjane alikuwa na pesa za vigae, hazikufika za lami na saruji ya mteremko wa kwanza. Nilimshauri tuache vigae.

"Mwanangu," akaniambia, "wakwe wanakuja kumchukua binti yangu. Nao watanawa wapi?"

Sikuona kiburi katika neno lile. Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, hadithi hiyo imesihi katika mkusanyo wa Imamu Muslim, na mama anayetaka mwanawe aolewe kutoka nyumba yenye staha anaomba kitu halali. Tuliuza nusu ya vigae palepale dukani vilikotoka, tukanunua lami, tukatengeneza mteremko, na juu tukapiga niru, yaani saruji ya kulainisha. Niru ya bafuni haisuguliwi mpaka ing'ae kama ya sebuleni. Hupitishwa sponji ikiwa bado mbichi ili isiteleze. Vigae vilivyobaki tulivilaza barazani, maji yasipofika, na wakwe walikaa hapo. Tangu siku ile nawaambia wote wenye uwezo mdogo: niru juu ya lami ni bora kuliko kigae juu ya jamvi tupu. Niru ikipasuka inapasuka mbele ya mwenye nyumba, akaona, akaziba.

Imepokewa kwamba mwana wa Mtume, Ibrahim, alipozikwa mwaka wa kumi wa Hijra, Mtume aliona upenyo kwenye matofali ya kaburi akaamrisha uzibwe, akaeleza kuwa haumdhuru maiti wala haumfai, na kwamba Mungu hupenda mja akifanya kazi aikamilishe. Wajuzi wa hadithi wana maneno juu ya nguvu ya mapokezi yake, nami si wa kuyaingilia. Ila nauangalia ule upenyo. Baada ya muda mfupi udongo ungeufunika, na aliyekuwa na msiba siku ile ni yeye mwenyewe aliyeamrisha. Bafu letu lina hoja iliyo wazi zaidi ya hiyo: upenyo wake unamdhuru aliye hai, anayelala upande wa pili wa ukuta na kifua kinachobana.

Na kwako unayejenga. Kizuizi kikishalazwa na kabla ya mota ya pili, mwambie fundi alizibe tundu, ajaze maji kimo cha vidole vitatu, na wewe mwenyewe weka alama ya penseli ukutani. Weka na beseni la maji kando, maana kwa jua la Handeni maji hupungua yenyewe. Beseni litakuonyesha ni kiasi gani. Kesho yake saa ileile mrudi wote wawili mtazame. Siku ile ya kungoja fundi hana kazi nyingine, na huwa haandikiwi katika hesabu. Mlipe.